Kadi ya Jicho la Kulia

Dukani kwetu saa ikishatengenezwa haiondoki siku hiyo. Inatundikwa ubaoni, inatembea siku saba, na kila asubuhi naipima na saa kubwa ya ukutani. Ikikosea dakika moja tu, inarudi mezani kwa mume wangu na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Wateja wananisonya, wengine wananiita roho mbaya. "Mama, si inatembea hiyo? Nipe niende zangu!" Nami nawajibu alivyonifundisha: inatembea, ndiyo, lakini bado hatujui kama imepona.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Sekunde, na hata mimi nimeshasahau kumwita vingine. Yeye anakaa nyuma mezani, mimi nakaa mbele kwenye kaunta, napokea saa na kuandika kadi. Kila saa ina kadi yake imefungwa kwa uzi. Mstari wa kwanza ni shida. Mstari wa pili, kwa kalamu nyekundu, ni nani aliyeigusa kabla yetu. Hapo ndipo penye ugomvi. Watu wanaapa kwamba haijaguswa, ukifungua mfuniko unakuta mikwaruzo ya kisu cha jikoni. Sekunde hapokei saa yenye uongo kwenye mstari huo. "Siwezi kutengeneza kitu nisichojua kimefanywa nini," husema, na mtu mzima na suti yake anainamisha kichwa na kukiri kwamba ni yeye mwenyewe, Jumapili, kwa kisu cha siagi.

Nayasema haya mapema nisije nikaambiwa nimeficha.

Jicho lilianza Jumatatu. Aliamka kope ya juu ya jicho la kulia imevimba, nyekundu, akasema ameumwa na mdudu. Kufika saa sita mchana mdudu alishasamehewa, lawama zikahamia kwenye kioo chake cha kukuzia. Ni kile kikombe kidogo cheusi ambacho mafundi saa wanakibana kwenye tundu la jicho, kati ya nyusi na shavu, bila kukishika. Amekibana kwenye jicho hilohilo kutwa nzima kwa miaka ishirini na sita. "Kimenichubua ndani," akasema. Basi dawa yake ikawa nini? Akakihamishia jicho la kushoto, akaendelea na kazi. Fundi wa saa peke yake ndiye anayeweza kufikiria upuuzi wa namna hiyo, na mimi mke wa fundi nikaona ana akili.

Wifi yangu naye akaja kutia neno. Ni dada yake Sekunde, ana duka la vitambaa mlango wa tatu kutoka kwetu, na ana dawa ya kila kitu isipokuwa mdomo wake. "Si nilisema? Nilisema kile kikombe kitamng'oa kaka yangu jicho!" Akaleta barafu kwenye kitambaa. Jumanne akaleta majani ya chai. Jumatano jicho lenyewe lilikuwa limesukumwa mbele, unaliona ukikaa ubavuni mwake, na kila alipotaka kutazama pembeni aligeuza kichwa kizima kwa sababu kuligeuza jicho kulimuuma mpaka kisogoni. Nikamwambia twende hospitali. Akasema kuna saa tatu za watu.

Alhamisi nilikuwa nafuta kioo cha kaunta nikasikia anapumua kwa nguvu. Nikaenda nyuma. Alikuwa ameacha kikombe, anatazama mashine ya saa kwa macho yake mawili matupu, na kibano chake kinachota hewa, pembeni kabisa ya skrubu.

"Hizi skrubu mbili," akasema, "mbona moja haishikiki?"

Nikainama. Skrubu ilikuwa moja.

Loo, nilifunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu tulifungue. Sikumpa hata nafasi ya kuvua aproni. Njiani alikuwa anabishana nami, kisha akanyamaza, na hapo ndipo niliogopa kweli.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yetu, mpole, mikono haina haraka. Akamwambia afuate kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Jicho la kushoto likaenda, la kulia likakwama njiani na mwenyewe akauma meno. Akapima kwa kijirula jinsi lilivyotokeza, milimita nne kuliko mwenzake. Halafu akatoa mfuniko mwekundu wa chupa ya dawa, akamziba jicho moja, kisha lingine.

"Nyekundu hii na hii, mzee, ni sawa?"

"Sawa."

"Hapo nimefurahi. Nyuma ya jicho kuna mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Uvimbe ukianza kuubana, rangi nyekundu ndiyo inayowahi kufifia. Siku ukiona nyekundu imebadilika, usingoje kesho."

Sekunde akamweleza habari za kikombe, akakitoa mfukoni kabisa kama shahidi. Daktari akakibana jichoni mwake, kikamdondoka, akacheka. "Hiki kinakaa nje, kwenye mfupa. Shida yako iko ndani, kwenye tundu lenyewe, nyuma ya jicho. Hakina kosa." Nilitamani wifi yangu angekuwepo asikie.

Hatari ya kwanza, akatuambia, ni vijidudu. Vikiingia kwenye tundu la jicho, mara nyingi kutoka kwenye uwazi wa puani, vinaweza kuua jicho na hata mwenye jicho. Kwa hiyo hakutaka kubahatisha. Akamlaza, akamtundikia dripu ya dawa ya kuua vijidudu, akachukua damu, akampeleka kwenye skani. Siku mbili zikapita. Homa hakuna. Uwazi wa puani ulikuwa safi. Damu haikuonyesha vijidudu, na tezi ya shingo, ambayo nayo huwa inatokeza watu macho, haikuwa na neno. Na jicho halikushuka hata kidogo.

Daktari akatuonyesha picha. Macho mawili kutokea juu, kila moja na misuli yake imelishika. Msuli mmoja wa jicho la kulia ulikuwa umenenepa mara mbili ya wenzake, na mafuta yanayouzunguka yamechafuka.

"Kama si vijidudu, ni nini?" nikauliza.

"Kinga ya mwili wake imewaka bila adui. Imeshambulia tundu la jicho lake mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Sijui, mama. Wengi hatuwapatii sababu."

Nikampenda palepale. Nimeishi na mafundi maisha yangu yote, na wanaoweza kusema sijui nawahesabu kwa vidole.

Akampima sukari, akampiga picha ya kifua kuhakikisha hana kifua kikuu kilichojificha, kwa sababu dawa anayotaka kumpa inalegeza kinga ya mwili mzima. Ndipo akampa steroidi. Vidonge kumi na viwili vidogo kila asubuhi baada ya kula, na karatasi ya jinsi ya kupunguza, viwili viwili kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa miezi. Karatasi akanikabidhi mimi.

"Asiache ghafla. Hata likipona. Yaani hasa likipona, maana hapo ndipo watu wanaacha, na linarudi na hasira. Mwili nao unakuwa umeizoea dawa, ukinyang'anywa unaanguka. Na nikuonye, mama, atakula sana, hatalala vizuri, na atakuwa mkali."

"Kuliko hivi?" nikauliza. Daktari akadhani natania.

Asubuhi ya pili baada ya vidonge, jicho lilifunguka. Nisingeona mwenyewe nisingeamini. Uvimbe ulikuwa umeshuka nusu, anatazama kushoto, anatazama kulia, ananikonyeza kwa jicho lilelile. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Wiki moja baadaye tulirudi kliniki, jicho limekaa mahali pake. Daktari akampongeza, Sekunde yeye anamtazama mkono. "Daktari, saa yako inachelewa," akasema, na akamvua. Ilikuwa saa nzuri ya zamani, uso mweupe, mshale wa sekunde mwekundu. Siku mbili baadaye daktari alipita dukani akaiona ubaoni, inatembea, akanyoosha mkono.

"Siku saba," Sekunde akasema bila kuinua kichwa.

"Mzee, mimi ni daktari wako!"

"Hata ungekuwa mama yangu."

Akacheka. "Haya. Na vidonge?"

"Anameza," nikajibu mimi, kwa majivuno. Siku ya nne saa yake ikakosea dakika moja, ikarudi mezani, ikatundikwa tena na siku zikaanza upya.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kupita haraka, lakini sitapita. Dawa ile ilimgeuza mume wangu. Alikula mikate miwili peke yake asubuhi. Alfajiri alikuwa ameshaamka, anahamisha makabati. Alimwita mwalimu mmoja mwongo mbele ya mkewe kwa ajili ya mstari wa pili wa kadi. Halafu siku moja, duka limejaa watu, akanigeukia: "Miaka yote hii umekaa hapo, hata kufuta kioo hujui!" Watu wakatazama sakafu. Nikaenda kulia kwenye duka la wifi, na wifi, Mungu ambariki, kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Akanipa kiti tu.

Kesho yake asubuhi alikaa mezani na vidonge mkononi. Vilikuwa vimefika kumi. Macho yake yote mawili mazima, uso umevimba kwa dawa, na aibu ya jana bado anayo.

"Jicho limepona," akasema. "Hivi vidonge sasa vinanila mimi. Niendelee au niache?"

Aliniuliza kweli, alitaka nimjibu. Na karatasi nilikuwa nayo mimi, nilimsomea kila asubuhi. Nilijua neno kwa neno alichosema daktari. Nikasema, "Acha. Nimechoka na wewe." Nikavikusanya, nikavitia kwenye droo ya saa zilizokufa, nikaifunga.

Amani ilirudi kesho yake. Alilala kama mtoto. Mwili ulikuwa umemlegea kidogo, chakula hakitaki, nikasema anapumzika. Alinifutia kioo cha kaunta mwenyewe, bila kuombwa, akaniuliza kama kimetakata. Nilijiona mjanja.

Siku ya nne tangu aache, nilikuwa napanga kadi akaniita kutoka ubaoni.

"Mke wangu, nani kabadilisha mshale wa saa ya daktari?"

"Mshale upi?"

"Wa sekunde. Ulikuwa mwekundu. Huu ni wa kahawia."

Nikatazama. Ulikuwa mwekundu vilevile, unazunguka. Sekunde akaziba jicho la kulia kwa kiganja. "Mwekundu," akasema. Akahamisha kiganja. Akausogelea uso wa saa. "Kahawia."

Tukatazamana. Kumbe maumivu yalikuwa yamerudi tangu jana jioni, akanyamaza ili asiniudhi.

Sikumbuki kama nilifunga duka. Wifi ndiye aliyelifunga. Nakumbuka nimeshika saa ya daktari mkononi, sijui kwa nini niliichukua.

Daktari alitoa mfuniko wake wa chupa. Jicho la kushoto, mwekundu. La kulia, wa kahawia, tena umekaa kama una vumbi. Akammulika tochi, akaandika, akaweka kalamu chini.

"Nani alikuambia uache dawa?"

Nilifungua mdomo. Sekunde akaniwahi.

"Mimi mwenyewe. Nina kichwa kigumu, hata huyu mama anajua."

Na mimi nikanyamaza. Nimfiche nani sasa? Nilinyamaza, nikamwacha mume wangu abebe, kwa sababu niliona haya mbele ya binti yule. Daktari akaona saa yake mkononi mwangu.

"Hiyo iko siku ya ngapi?"

"Ya sita," Sekunde akasema.

"Ungenipa siku ya kwanza?"

Sekunde akatikisa kichwa.

Siku hiyohiyo walimkata kipande kidogo cha nyama kutoka ndani ya kope kupeleka maabara, maana ugonjwa ukirudi lazima wahakikishe hakuna kitu kingine kimejificha humo. Nikauliza kitu gani. Daktari hakunizungusha, akasema saratani, mara chache. Kisha wakamtundikia steroidi kali ya mshipani, siku tatu mfululizo. Uvimbe ukashuka, maumivu yakaisha. Rangi haikurudi.

"Mshipa ulibanwa," daktari akasema. "Unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu, unaweza usirudi. Sijui. Tunaanza vidonge upya, kutoka juu."

Safari hii ile sijui yake sikuipenda hata kidogo.

Majibu ya kile kipande yalichukua siku kumi. Sitaki kuzizungumzia. Yalikuja safi, ni uvimbe uleule usio na adui, na nilikaa kwenye benchi la maabara nikalia kwa sauti, watu wakanipisha.

Siku hiyo nilirudi dukani peke yangu, kabla yake. Nikachukua kadi mpya. Nikaandika mstari wa kwanza kwa kalamu ya bluu. Nikachukua nyekundu, nikaandika wa pili, kwa mwandiko mdogo sana, nakiri, kwa sababu nilikuwa bado naogopa. Nikaitundika kwenye msumari wa mwisho wa ubao, mahali pasipo na saa.

Tukaanza upya. Akala, akakosa usingizi, akafoka. Nami nikafoka, kila mtu akafoka anavyojua, kisha asubuhi namhesabia vidonge mkononi na kusimama mpaka ameze. Alipozidi, nilikwenda kukaa kwa wifi nusu saa na kurudi. Kazi hakufanya. Alikaa kwenye kiti chake nyuma, mikono kwenye magoti, na kikombe kimelala mezani. Jicho la kushoto halikuwahi kujifunza, lilimchanganya kina cha vitu, na fundi asiyeona kina atavunja springi ya kila mtu. Tulikuwa tunajua wote wawili kwamba bila jicho lile hakuna duka, na zaidi ya duka, hakuna Sekunde ninayemjua. Kila asubuhi namwonyesha saa ya daktari, ambayo alikataa kuirudisha mpaka aikague mwenyewe. "Rangi gani?" "Kahawia." Wiki ya kwanza, kahawia. Ya tatu, kahawia. Wiki ya tano nikaacha kuuliza, kwa kuwa nilichoka kumwona akijibu.

Ilikuwa katikati ya wiki ya nane, vidonge vimefika sita, asubuhi ya kawaida, nafungua boksi la betri. Nikamsikia ubaoni.

"Hii kadi haina saa."

Nikaliweka boksi chini.

"Mama, unapoteza saa za watu? Hebu." Akaenda mezani na kadi. Mwandiko ulikuwa mdogo, na yeye mbishi, kumwomba mtu amsomee hawezi. Akachukua kikombe. Akakibana kwenye jicho la kulia, mahali pake pa miaka yote, akafumba la kushoto, akaisogeza kadi puani.

"Jicho la kulia," akasoma polepole. "Mwenyewe, Sekunde. Shida: limevimba, linauma, linaona mbili." Akashuka mstari wa pili. "Aliyeligusa kabla yetu."

Kisha hakusoma kwa sauti tena. Nilijua kilichofuata, niliandika mwenyewe: Mke wake. Alimwambia aache dawa, na hospitali akanyamaza.

Kikombe bado kimebana jichoni, mgongo ananipa mimi.

"Umeandika kwa nyekundu," akasema.

"Mstari wa pili si ndivyo tunavyoandika?" nikasema. "Nisamehe. Nilipaswa kusema siku ile mbele ya daktari."

"Nyekundu," akasema tena, na ndipo nikaelewa anachoniambia. "Imepauka kidogo. Lakini ni nyekundu."

Nilikaa juu ya boksi la betri. Yeye akainuka, akaja kaunta, akachukua kalamu yangu nyekundu. Akaandika kitu chini ya mstari wangu kwa ule mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga wino, akanipa nisome. Aliandika: Na mwenyewe.

Akairudisha kadi kwenye msumari uleule, akaipangusa vumbi, akaniambia nianze kuhesabu siku saba kuanzia leo.